Kumtafuta Mwenza wa Shi'ra Matutani Shela

Kutoka mji wa Lamu hadi Shela ni mwendo wa dakika 45 hivi kwa miguu kando ya bahari. Tulitoka baada ya Alasiri, wanawake na watoto, na nyuma yetu punda akaja na darubini, kioo chake cha inchi 8 kikiwa kimefungwa kwa leso tatu. Ulikuwa mwezi wa Februari na kaskazi ilikuwa bado inavuma, basi tukajibanza nyuma ya tuta la mchanga, kwani darubini hutikisika kwa upepo hata mdogo.

Tulifuata nyota moja ndogo. Shi'ra, iliyotajwa katika Surat An-Najm na ambayo Wazungu huiita Sirius, ndiyo inayong'aa kupita nyota zote za usiku. Ina mwenza anayeizunguka kwa miaka 50, na mwanga wake ni hafifu mara 10,000 hivi kuliko wa Shi'ra. Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Bessel alitambua kwamba Shi'ra huyumba katika mwendo wake, akasema pana kitu kisichoonekana kinachoivuta. Ilipita miaka 18 kabla ya jicho kukiona: Januari 1862, karibu na Boston, Alvan Graham Clark alikiona alipokuwa akijaribu lenzi mpya ya inchi 18.5.

Kinachomficha mwenza huyu ni nuru ya jirani yake. Kwa hivyo giza la Shela halikutufaa sana. Hata darini mjini aweza kutafutwa. Kinachotakiwa ni hewa tulivu, na hapo watu wa pwani tumejaliwa. London Shi'ra haipandi zaidi ya nyuzi 22 kutoka upeo wa macho, na nuru yake hupenya hewa nyingi inayotetema. Kwetu hupanda nyuzi 75, karibu na utosi.

Baada ya Isha tulianza na Rigel, ambayo jina lake latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mguu. Mwenza wake ni hafifu mara 400 na zaidi, na kila mmoja wetu alimwona, kama chembe ya chumvi kando ya taa. Asiyemwona huyu hana haja ya kujisumbua na wa Shi'ra.

Ilipofika saa tatu na robo tukaigeukia Shi'ra. Darubini yetu haina mota, hivyo nyota hujiendea yenyewe na kulivuka duara la kutazamia. Miaka hii mwenza yuko upande wa mashariki, naye humfuata mkubwa: Shi'ra ikishatoka ukingoni, yeye hubaki peke yake kwa muda usiotimia sekunde. Lakini mmoja wetu tu ndiye aliyejua hayo. Wengine waliambiwa watazame nyota inapoingia na inapotoka, kisha kila mtu achore alichokiona bila kumwonyesha mwenzake. Tuliona ni haki iwe hivyo, kama ilivyo kwa ushahidi wa mwezi mwandamo.

Binti wa miaka 10 alitaka kumnong'oneza bibi yake aliyekuwa kwenye darubini.

"Usinitajie, mwanangu," bibi akasema. "Ukinitajia nitamwona hata kama hayupo."

Karatasi mbili zilikuwa na nukta, zote mahali pamoja, mashariki na kaskazini kidogo. Nne zilikuwa tupu, ya bibi ikiwemo. Aliomba kurudia, tukamwekea kiti. Kufikia saa nne hewa ilitulia, na karatasi yake ya pili ilikuwa na nukta.

Wawili hao sasa wanakaribiana, na mnamo mwaka 2044 watakuwa karibu mno kwa darubini ndogo kuwatenga, kama walivyokuwa mwaka 1994. Atakayejaribu kaskazi hii aiache darubini nje saa nzima ipoe, na akuze mara 200 au zaidi.