Kadari na Makadirio

Karatasi ile niliipokea alasiri ya Jumapili, ikiwa imekunjwa mara nne na kulowa jasho la mfuko wa shati. Kaka yangu alikuwa amerejea juzi yake kutoka hospitali kubwa ya mbali, na hakuna aliyemfafanulia kilichoandikwa humo. Aliniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye mfasiri wa ukoo. Nifasirie na hii."

Yapasa nimweleze msomaji wa visiwani ni wapi nisemapo. Mishamo ni makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 katika misitu ya miombo ya Mpanda, mkoa uliokuwa Rukwa na ambao tangu mwaka 2012 ni Katavi, ili wapate ardhi Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Mimi nilivuka mpaka nikiwa mgongoni mwa mama, nikafika Mishamo nikiwa na umri wa miaka minane. Kiswahili nilikipata shuleni na sokoni. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi iliyochanika kurasa za mwisho. Ndiyo maana kila karatasi ya kigeni inayoingia kijijini aghalabu hupitia mezani kwangu. Nimewasomea watu barua za ndugu zao, na miaka ya kungoja uraia, kabla ya vyeti kuanza kutolewa mwaka 2014, niliwasomea kila tangazo lililopita. Lakini sikuwa nimewahi kumsomea mtu umri uliombakia.

Mstari wa mwisho wa karatasi ulisema: "Child-Pugh C, 11". Binti yake asomaye sekondari alikwisha kuufasiri kabla yangu. Neno la kwanza alilijua kuwa ni mtoto, na C ni herufi ya tatu; basi akadhani ugonjwa ule utamwandama mtoto wa tatu, naye ndiye wa tatu. Alikuwa amelia usiku kucha.

La hasha, Child ni jina la mtu. Charles Child alikuwa daktari mpasuaji wa Marekani ambaye mwaka 1964, pamoja na mwenzake Jeremiah Turcotte, aliwapanga katika madaraja matatu wagonjwa ambao ini lao limejaa makovu na kusinyaa, ili ajulikane nani ataweza kustahimili kisu. Mwaka 1973 Pugh na wenzake wa London wakaurekebisha mpango huo. Hutazamwa mambo matano: kiasi cha bilirubini, yaani ule umanjano wa damu na macho, albumini, protini itengenezwayo na ini, muda wa damu kuganda, maji yaliyojaa tumboni, na kuchanganyikiwa kwa akili. Kila jambo hupewa alama kuanzia 1 hadi 3. Jumla ya 5 au 6 ni daraja A, 7 hadi 9 ni B, na 10 hadi 15 ni C.

Nikahesabu kwa kalamu. Umanjano 3, maji tumboni 3, albumini 2, kuganda kwa damu 2, akili 1. Alama ile moja ndiyo iliyonitesa kupita zote, kwani maana yake ni kuwa kaka angefahamu kila neno nitakalomwambia. Na vitabu vya tiba hutaja kwamba katika wagonjwa 100 wa daraja C, takriban 45 tu ndio hufikisha mwaka.

Shemeji alinifuata uani. "Shemeji, nakuomba usimwambie. Ukimtajia mwaka, atakufa kwa huo mwaka."

Usiku ule nilitafuta kitenzi. Kutabiri nilikuona ni kwa mpiga ramli na kwa redio inapotuahidi mvua. Kubashiri, ambako katika Kiarabu kulibeba habari njema, vijana wetu wamekukabidhi kwa kamari za mpira. Kukabaki kukadiria. Naam, lakini kukadiria na kadari ni ndugu wa shina moja: huyu ni kipimo, yule ni hukumu. Hapo nikaielewa hofu ya shemeji. Mimi ningesema la kwanza, kaka angesikia la pili.

Asubuhi nilimwambia hivi: "Kaka, wamehesabiwa watu mia waliofanana nawe. Arobaini na watano walifika mwaka. Karatasi haijui wewe umo katika kundi lipi."

Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na hao arobaini na watano walifanya nini?"

Katika kuisoma karatasi sikuwa nimejiuliza swali hilo. Huko Marekani, tangu mwaka 2002, foleni ya kupandikiziwa ini hupangwa kwa kipimo kingine, kiitwacho MELD. Sisi wa Mishamo hatumo katika foleni hiyo. Hesabu kwetu haina budi kufanya kazi nyingine. Nikairudia karatasi. Juu yake iliandikwa kuwa ana virusi vya homa ya ini aina ya B. Kijiji kilikwisha kumhukumu kuwa ni gongo, ilhali kaka hakunywa kamwe. Virusi hivyo vina dawa ya kuvizuia, tenofoviri, na ini likipunguziwa adui huweza kujirekebisha kiasi. Yale mambo matano hupima hali ya siku ya kipimo. Yakibadilika, na daraja hubadilika.

Alianzishiwa dawa hiyo na dawa za kupunguza maji, na chumvi ikaondolewa chunguni. Baada ya miezi sita alama zilikuwa 8. Alipanda maharage. Akawaita wazee, akawagawia wanawe shamba mbele yao, jambo ambalo wengi wetu huliahirisha mpaka ugomvi uanze. Chanjo ya homa hiyo huingia katika chanjo za watoto wachanga nchini tangu mwaka 2002. Wanawe wawili wakubwa walizaliwa kabla ya hapo. Walikwenda kupimwa pamoja na mama yao. Shemeji na mmoja wao walikutwa salama, wakachanjwa. Yule mwingine alikutwa navyo, naye sasa hufuatiliwa kabla ini lake halijapata makovu.

Kaka alifariki mwezi wa kumi na tano, kwa kutapika damu. Mishipa ya koo la chakula ilipasuka, na kutapika damu hakumo katika yale mambo matano. Msibani mtu mmoja alisema kuwa madaktari walikosea, maana walimpa mwaka. Nilimjibu kwamba hawakumpa mwaka wala hawakumnyima. Walituambia kuwa muda ni mchache, na ni kwa kauli hiyo tu kwamba kijana mmoja leo anajua kilichomo ndani ya damu yake.

Karatasi ile anayo binti wa tatu. Juu ya neno Child ameandika kwa penseli: jina la mtu.