Maji Ndani ya Kompyuta

Ukiwaambia watu wa Maswa kwamba unapanga kupitisha maji ndani ya kompyuta, watakucheka kwanza, kisha watakuonea huruma. Wacha wacheke. Gari linapozwa kwa maji miaka nenda rudi na hakuna anayeshangaa. Kinachoshangaza ni nini basi kompyuta ikifanyiwa hivyo hivyo?

Mimi ni kijana niliyemaliza kidato cha nne nikaishia hapo. Naandika riwaya. Lakini riwaya hailipi, si unajua tena, kwa hiyo nakula kwa kuhariri video za kwaya na za harusi. Kazi zote mbili nazifanya kwenye kompyuta moja ya mezani ya mtumba. Prosesa yake ni Core i5-2400, iliyotoka mwaka 2011, na imekadiriwa wati 95. Wati 95, ndugu msomaji, ni kama ile balbu ya kizamani iliyokuwa ikiunguza vidole, na joto lote hilo linatoka katika kipande kisichofikia ukubwa wa kiberiti.

Kuandika riwaya hakuichoshi mashine. Video ndiyo inayoichosha. Ukiiagiza itoe kanda ya saa mbili, inahema mpaka usiku wa manane. Hapo ongeza kiangazi cha Usukumani, chumba cha bati kisicho na dari, na vumbi la barabarani lililojaa kwenye feni. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe. Joto likizidi, inazima. Asubuhi mwenye harusi anakuja kuchukua kanda yake, wewe unamtolea macho tu. Na mle mle ndimo zinamoishi kurasa 212 za riwaya yangu, ingawa kila Jumapili nazinakili kwenye flashi.

Kwa nini maji? Kwa sababu maji ni mchukuzi hodari. Lita moja ya maji hubeba joto sawa na linalobebwa na takriban lita 3,500 za hewa, kwa kupanda nyuzi zile zile. Nimepiga hesabu: pampu ikisukuma lita moja kwa dakika, wati 95 zitayapandisha maji nyuzi 1.4 tu kila yanapopita. Wala hili si jambo jipya duniani. Mwaka 1974, wakati Serikali yetu ilipopiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, wenzetu walikuwa tayari wanahangaika na joto la mashine zao. Mwaka 1985 Marekani ikatoka Cray-2, kompyuta iliyozamishwa mzimamzima katika kimiminika kisichopitisha umeme.

Mayu aliposikia aliniuliza, "Mwanangu, maji na umeme wapi na wapi?" Nikamjibu kwamba havikutani. Juu ya prosesa kinakaa kibunda cha shaba chenye mifereji ndani; maji yanapita kwenye shaba, yanapokea joto, yanatoka na mpira mpaka kwenye rejeta, feni inayapuliza, yanarudi kwenye tangi, pampu inayasukuma tena. Basi. Ni mzunguko uliofungwa.

Akaniuliza tena kama yatakuwa baridi kama ya mtungi. La hasha! Mtungi unatoa jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Ndiyo maana maji yake yanakuwa baridi kuliko chumba. Mzunguko wangu hautoi jasho. Chumba kikiwa nyuzi 32, maji hayatashuka chini ya 32 hata nikiweka rejeta la lori. Maji hayaui joto, yanalihamisha tu.

Rejeta nitatumia lile dogo la hita ya gari bovu. Fundi rejeta mmoja wa hapa mjini alinipa somo ambalo sikulipata shuleni: usichanganye shaba na alumini kwenye maji yale yale, maana alumini italiwa mpaka itoboke. Kibunda ni cha shaba, kwa hiyo rejeta nalo liwe la shaba. Maji ya bomba, yanayotoka bwawa la New Sola, tunayanywa na kuyapikia, lakini yana chumvichumvi inayoganda. Nitatumia maji ya betri, yale matupu yaliyochujwa kwa mvuke, siyo asidi! Mpira uwe mweusi, kwani mwanga huotesha ukijani. Tangi likae juu ya pampu, ili pampu isizunguke kavu. Na kabla ya kuwasha kompyuta, pampu peke yake itazungusha maji saa 24, huku nimetandika karatasi za chooni chini ya kila kiungo. Maji yakimwagika hayazoleki, na yakimwagikia madabodi hayasameheki.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo penye kidonda. Vyote hivyo vitakula kama laki moja na themanini. Akiba ninayo, lakini niliiweka kwa ajili ya kuchapisha mswada na nauli ya kuupeleka Dar es Salaam. Nikiitumia, mswada utasubiri msimu mwingine wa pamba. Nisipoitumia, mashine inayonilisha yaweza kufa kabla riwaya haijafika mwisho.

Nimeamua kwenda kwa hatua. Kwanza nitapuliza vumbi lote, nitabandua pesti ya zamani iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Hiyo ni shilingi elfu chache. Kisha nitaitoza mashine kazi ya video adhuhuri, jua likiwa utosini, huku nikisoma nyuzi. Ikibaki chini ya 80, akiba itapanda basi kwenda Dar na mchoro wa mabomba utangoja daftarini. Ikivuka, naenda kwa fundi rejeta. Vijana wenzangu mnaoandika kwenye mashine chakavu, pimeni kwanza kabla ya kufungua pochi. Kipimajoto changu nimeshakiweka tayari. Nangoja siku ya jua kali, na hapa kwetu haichelewi.