Sauti ya Mgeni

Sanaa ina tabia mbili zishindanazo. Moja hutaka upweke, maana wazo huzaliwa katika moyo mmoja. Ya pili hutaka jamaa, maana sauti isiyoitikiwa ni sawa na maji yamwagwayo mchangani. Msanii hodari aghalabu huitii ya kwanza na kuidharau ya pili, mpaka siku afikapo mahali ambapo uhodari wake peke yake haumfikishi mbele.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mbebe, wilayani Ileje, alikuwa mtii mkubwa wa upweke. Alitunga wimbo akaifundisha kwaya. Waimbaji waliupenda, wakauongezea kiitikio wasichofundishwa. Wasikilizaji wakasifu kiitikio kuliko wimbo. Mwalimu alilifunga daftari lake, na kwa misimu miwili ya mvua hakukanyaga tena mazoezini. Aliamini kuwa ameibiwa.

Mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo kikuu, alipokuja likizo alimsikilizisha katika simu santuri iitwayo Barcelona. Mzee alisikia sauti ya mwanamume, na juu yake sauti ya mwanamke ikipaa kama tai.

"Yupi mwenyeji na yupi mgeni?" aliuliza.

"Mwenyeji ni huyo mwanamume, Babu. Alizaliwa Unguja."

Ndivyo ilivyokuwa. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba, 1946, mtoto wa Maparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika mahakama. Alisomeshwa bweni huko Bara Hindi, akarudi kisiwani, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, jamaa yake ikahamia Uingereza. Huko alijiita Freddie Mercury, na kwa bendi ya Queen akawa mwimbaji wa roki ajulikanaye ulimwenguni.

Mtu huyu alipotaka kuonekana peke yake alitoa, mwaka 1985, santuri iitwayo Mr. Bad Guy. Nyimbo zake 11 zote alizitunga mwenyewe. Ilikuwa kazi ya mtu anayejitosheleza. Lakini alikuwa amekwisha kumsikia Montserrat Caballé akiimba opera jijini London, na tangu hapo alijua kwamba iko sauti ambayo yeye hana. Yamkini hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kwa hodari: kusifu asichonacho bila ya kukionea kijicho.

Walikutana Machi 1987, katika hoteli moja ya mji wa Barcelona, alikozaliwa bibi huyo. Mercury alifika na mpiga kinanda Mike Moran, na ukanda wenye wimbo ambao ndani yake yeye mwenyewe aliigiza sauti ya bibi huyo bila ya maneno yoyote. Caballé hakucheka wala hakukasirika. Wimbo ule ule ulitiwa maneno ya Kihispania, ukaitwa Ensueño, ukawa wa wote wawili. Kwa kuwa bibi alikuwa na shughuli nyingi, Mercury alikuwa akiimba sehemu yake kwa sauti nyembamba, kisha ukanda hupelekwa kwake ili aweke sauti ya kweli mahali pa ile ya kuazima. Wengine nao walialikwa: Tim Rice alisaidia maneno ya nyimbo mbili, na John Deacon wa Queen akapiga gitaa la besi katika mmoja. Santuri ilitoka Oktoba 1988, na jina la mgeni liliandikwa sambamba na la mwenyeji.

Mzee alimkatiza mjukuu wake. "Aliacha nafasi makusudi?"

"Ndiyo, Babu. Aliiimba kwanza yeye, kisha akaifuta sauti yake."

Mzee alinyamaza kitambo kirefu.

Mercury alifariki tarehe 24 Novemba, 1991, kwa maradhi ya UKIMWI, miezi minane kabla ya Michezo ya Olimpiki kufunguliwa katika mji ule ule aliouimbia. Mwaka 1999 Caballé aliuimba wimbo wao katika uwanja wa mpira wa Barcelona, na sauti ya marehemu ikamjibu kutoka katika ukanda. Mgeni alikuwa amegeuka mwenyeji, akimtunzia nafasi rafiki yake. Bibi naye alifariki mwaka 2018.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii hutajwa sana shambani na jikoni, lakini watunzi huiepuka, kwa kudhani kwamba wimbo ni mali kama ng'ombe, na kwamba anayeongeza kitu amepunguza miliki. Kumbe wimbo hufanana zaidi na mto Songwe, ambao Mtanzania huuita wake upande huu na Mmalawi huuita wake upande ule, wala maji hayapungui kwa kuitwa na wawili.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alilichukua daftari lake akaenda mazoezini. Hakuomba radhi wala hakuombwa. Aliketi nyuma, akangoja kiitikio kifike. Kilipofika alikiandika chini ya beti zake, na pembeni akaandika majina ya waliokitunga.