Mguu Namba 47, Pedeli Tatu

Abiria anayekaa siti ya mbele anatazama barabara, anatazama gia, akichoka anatazama simu yake. Hakuna anayetazama chini kwenye miguu ya dereva. Kazi yangu iko huko chini. Huu ni mwaka wa 17 naendesha Hiace za abiria, Buhongwa kwenda mjini na kurudi, napita Nyegezi, Butimba, Mkuyuni na Igogo, na miaka yote hiyo navaa kiatu namba 47.

Watu wakisikia namba hiyo wanadhani shida ni urefu. Urefu unasumbua, nitausema, lakini unaovunja shingo ni upana. Siku moja gari likiwa gereji nilichukua futi nikapima. Kutoka ukingo wa breki hadi ukingo wa pedeli ya mafuta, sentimita 5 na nusu. Upana wa breki yenyewe, sentimita 7. Upana wa kiatu changu pale mbele, sentimita 12. Maana yake kiatu kikikaa katikati kabisa ya breki, kinabakiza sentimita 3 tu kabla ya kugusa mafuta. Na hapo ni kama mguu umetua katikati. Bajaji ikikukatia mbele ghafla pale Mkuyuni, mguu unatua unapotua.

Mwaka wa pili wa kazi nilikuwa nashuka na abiria kuelekea Butimba, mvua imetoka kukatika, watoto wa shule wanavuka kwenye zebra. Nikakanyaga breki. Injini ikaunguruma. Nikakanyaga zaidi, ikaunguruma zaidi. Konda akapiga kelele, "Suka, breki!" akidhani sijawaona. Nilikuwa nimewaona vizuri sana. Nilikuwa nakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, na ukingo wa kiatu ulikuwa unakanyaga mafuta pamoja nayo. Kilichotuokoa ni mguu wa kushoto. Ulikwenda wenyewe kwenye klachi, injini ikabaki inalia peke yake bila kusukuma gari, na breki zikatusimamisha. Mtoto mmoja wa kike alikuwa amesimama katikati ya mistari, ameshika mfuko wa madaftari kifuani, ananitazama. Sijui alikuwa na miaka saba au minane. Nimepita pale maelfu ya mara tangu siku ile, na kila mara mguu wa kushoto unajisogeza wenyewe.

Jioni nilimpelekea fundi gari nikamwambia pedeli zimekaribiana mno. Alikuwa mzee, mtu wa maneno machache. Hakupima nafasi ya ubavuni kama nilivyotaka. Alikaa kwenye kiti changu, akabonyeza breki kwa mkono, akaniambia, "Njoo uone, kijana wangu." Breki ilishuka, ikashuka, ikaipita pedeli ya mafuta na kwenda chini yake.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo dereva mwenye mguu wa kawaida anaweza kustaafu bila kulijua. Breki nzima hukaa juu kuliko mafuta, na hata ukiikanyaga hadi ishike, bado inabaki juu kidogo. Kiatu kipana kinaweza kuning'inia juu ya mafuta bila kuyagusa, kama mtu anayepita juu ya kijiti. Breki za nyuma zikilika bila kukazwa, au upepo ukiingia kwenye mabomba, au oili ya breki ikipungua, pedeli inashuka zaidi kabla ya kushika. Siku inaposhuka hadi usawa wa mafuta, zile sentimita 3 za ubavuni ndizo pekee zinazokutenganisha na msiba. Mwenye mguu namba 41 ataona tu kwamba breki iko chini kidogo, atapampu mara mbili, ataendelea na hesabu ya tajiri. Mimi breki ikiwa chini, nina pedeli moja yenye kazi mbili.

Fundi alikaza breki za nyuma, akatoa upepo, na pedeli ikarudi juu. Hakugusa kitu kingine. Nafasi ya ubavuni ilibaki sentimita 5 na nusu zilezile, na kiatu hakikugusa tena.

Tangu hapo kila asubuhi kabla ya kuwasha gari nina kipimo changu. Nakanyaga breki kwa nguvu kama mtu aliyeona hatari, nainama, napitisha kidole kati ya soli na pedeli ya mafuta. Kidole kikipita, tunaondoka. Kisipopita, siondoki. Nimegombana na matajiri wawili kwa sababu ya kidole hiki. Mmoja aliniambia natafuta visingizio vya kulala, akampa gari dereva wa deiwaka siku hiyohiyo. Nilikwenda kwa miguu hadi nyumbani Butimba, na moyoni sikujuta.

Nimesema urefu nao una yake. Ukitoa mguu kwenye mafuta kwenda breki, mguu mfupi unapita mbele ya pedeli kwa urahisi. Wangu ncha yake inaingia chini ya breki na kunasa kwenye chuma. Lazima uuvute nyuma kwanza, ndipo uuinue, ndipo ukanyage. Hiyo ni nusu sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo nusu sekunde ni mita 7, zaidi ya urefu wa Hiace yenyewe. Dawa niliyoizoea ni kukaa nyuma kidogo na kuweka kisigino mbele ya breki badala ya mbele ya mafuta. Mguu haunyanyuki, unageuka tu kwa kisigino, kulia mafuta, kushoto breki. Magoti yaliniuma mwezi mzima kabla sijazoea.

Viatu ni habari nyingine. Soko la Mlango Mmoja nimelizunguka sana. Namba 47 kwenye mitumba zipo, lakini nyingi ni buti au raba za mpira wa kikapu, soli imetanuka nje ya kiatu pande zote. Kiatu cha aina hiyo kinaongeza sentimita nzima kila upande, na soli yake nene inakufanya usihisi unakanyaga nini. Katambuga ndiyo mbaya kuliko zote, ukingo wa tairi unashika kila kitu. Kandambili inatoka na kujikunja chini ya breki. Mimi natafuta kiatu cha soli nyembamba, kisha nampelekea fundi viatu akate ukingo wa kulia hadi ulingane na ngozi. Kinachakaa haraka, maji yanaingia, na miezi minne kimekwisha. Nalipa.

Kosa la buti nililifanya kwa mara ya mwisho kwenye kivuko cha Kigongo, kabla daraja halijafunguliwa. Tulikodiwa kupeleka watu msibani Sengerema, na kulikuwa na mvua, nikavaa buti. Wanaovuka leo kwa Daraja la J. P. Magufuli lililofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 hadi Busisi bila kubadilisha pumzi, hawajui kuingia pantoni kulikuwa kazi gani. Unateremka kwenye mlango wa chuma uliolowa, mbele yako kuna lori, baharia anakuita kwa mkono, njoo, njoo, njoo, kisha anakunja ngumi. Hapo ni kubalansi klachi na breki kwa inchi moja moja. Aliponikunjia ngumi buti langu lilikanyaga vyote viwili. Gari liliruka mbele kidogo likazima, kwa sababu klachi ilikuwa nusu. Kati ya kioo changu na mbao za lori palibaki nafasi ya kupitisha mkono. Wamama nyuma walikuwa wanaimba, wakanyamaza. Nilivua buti, nikaendesha na soksi hadi Sengerema.

Kuna madereva wanaokwenda kwa wachomeleaji wapindiwe pedeli. Nilijaribu mara moja. Fundi kijana alipasha moto mkono wa pedeli ya mafuta akaupinda kulia sentimita 2. Nafasi ikawa nzuri sana. Siku ya tatu, mlima wa kutoka Mkuyuni, nikatoa mguu na mafuta hayakurudi, kwa sababu mkono uliopindwa ulikuwa unakwaruza ukuta na kunasa. Klachi, breki, kando ya barabara, zima swichi. Mkono wa breki usimruhusu mtu yeyote aupashe moto. Chuma kilichoungua kinaweza kukatika siku unayokihitaji kuliko zote, na hakuna wa kumlaumu.

Zulia nalo litazame. Magari yetu tunayaongezea mazulia mazito juu ya lile la kiwandani, kwa ajili ya matope. Mwaka 2009 Toyota ilitangaza kuyaita magari karibu milioni 3.8 nchini Marekani kwa sababu zulia lililosogea lingeweza kuibana pedeli ya mafuta isirudi. Kama zulia peke yake linaweza hivyo, zulia na kiatu changu vinaweza zaidi. Upande wa dereva sina zulia la pili. Nafagia.

Wengine wananishauri nihamie otomatiki, pedeli mbili tu. Breki yake ni pana kweli, na mguu wa kushoto unapumzika. Lakini kwenye otomatiki huna klachi ya kukuokoa ukikanyaga visivyo. Japani, yanakotoka magari yetu mengi, wameona watu wengi wakikanyaga mafuta wakidhani ni breki, hasa wazee, hadi serikali yao imeagiza magari ya otomatiki ya modeli mpya yawe na kifaa cha kuzuia kosa hilo kuanzia Septemba 2028. Yale yatakayotufikia sisi yakiwa na kifaa hicho yatachelewa sana, kwa sababu tunanunua yaliyokwisha kutumika.

Mimi nilipoomba leseni ya abiria nilipimwa macho. Barabarani nakaguliwa tairi, taa, bima, mkanda. Miaka 17 hakuna aliyewahi kuniambia, "Dereva, kanyaga breki nione kiatu chako kinagusa wapi." Ni ukaguzi wa dakika moja, hauhitaji mashine.

Wiki iliyopita alikuja kijana stendi ya Nyegezi anaomba deiwaka. Mrefu, adabu nzuri, leseni safi. Aliniamkia shikamoo, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye miguu yake. Raba nyeupe, soli kama mkate. Nikamuuliza namba, akasema 48. Nikamkalisha kwenye kiti, gari limezimwa, nikamwambia akanyage breki kama ameona mtoto. Nikainama na kupitisha kidole. Hakikupita, soli ilikuwa imeishusha pedeli ya mafuta hadi nusu, naye hakuhisi chochote.

"Baba, mbona sijagusa?" akaniuliza.

Nikamwambia atazame mwenyewe. Aliinama muda mrefu. Kisha akavua raba, akazipanga pembeni mwa mlango, akakanyaga tena na soksi. Nikapitisha kidole, kikapita.