Sanduku Chini ya Kiti cha Nyuma

Chini ya kiti cha nyuma cha gari la msikiti wetu, hapa Ijuganyondo, Bukoba, kuna sanduku la bati la rangi ya kijani iliyochujuka. Wazee wanadai liliachwa na wanajeshi wakati wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Huenda ni kweli, huenda ni mazungumzo ya barazani. Lina kufuli ndogo yenye funguo mbili. Mmoja anao dereva, wa pili ninao mimi. Vijana wa msikitini hunitania kwamba nalilinda kuliko sanduku la sadaka. Nawaacha. Ninayo sababu, nami nimeona niiandike katika kurasa hizi za familia, ingawa hainipi sifa hata kidogo.

Gari lenyewe ni Land Cruiser la zamani, lenye injini ya dizeli ya silinda sita ambayo mafundi huiita 1HZ. Lilitolewa wakfu na familia moja ya hapa mtaani baada ya kufiwa na baba yao, kwa sharti kwamba libebe maiti, wagonjwa na wanafunzi wa madrasa bila kubagua tajiri na maskini. Halina kompyuta wala madoido. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Hii ya dizeli huibana hewa ndani ya silinda mpaka ikawa na joto la kuyawasha mafuta yenyewe, pale yanaponyunyizwa na nozeli. Kwa hiyo gari la namna hii huvumilia mengi: barabara mbovu, mzigo, uzee. Visivyovumilika ni viwili: maji au uchafu ndani ya dizeli, na hewa ndani ya mirija inayoipeleka dizeli hiyo kwenye pampu. Haya yote leo nayaeleza kama fundi. Wakati ule sikuyajua, wala sikuona haja ya kuyajua.

Mwaka uliopita, kabla ya masika, dereva wetu alinijia baada ya swala ya Alasiri akiwa na kikaratasi. Ni mtu mzima, aliyepata kuendesha malori ya kahawa kwa miaka mingi kabla ya kujitolea kutuendeshea. Kwenye kikaratasi kile aliandika filta moja ya dizeli, mikanda ya feni, mpira wa juu wa rejeta, klipu za kubania mipira, fyuzi, na spana, maana alizokuwa akitumia zilikuwa za kuazima.

“Maalim,” akasema, “gari hili ni zee. Litatuaibisha siku tusiyoitaka.”

Nikamwuliza, “Mzee wangu, ni kipi kilichoharibika?”

“Hakijaharibika kitu.”

“Basi tutanunuaje dawa ya mtu asiyeumwa?”

Nilijiona nimesema neno la hekima. Nilikuwa na hoja ya kielimu pia, na nilimpa kwa urefu: fedha zilizokuwapo zilichangwa kwa ajili ya paa, na haifai mali iliyotolewa kwa jambo moja kupelekwa kwenye jambo jingine bila idhini ya waliotoa. Hukumu hiyo ni sahihi. Niliisoma chuoni na ningali naisimamia. Ila sikumwambia kwamba tulikuwa na fungu jingine la matumizi ya kawaida, na kwamba kutoka fungu hilo tulikuwa tukinunua chai, maandazi na soda za vikao vya kamati. Bei ya filta ile haikufikia gharama ya vikao viwili. Katika kitabu cha kumbukumbu niliandika kwa mkono wangu: suala la vipuri limeahirishwa. Mzee alirudi mara ya pili, kisha ya tatu. Mara ya tatu hakuja na karatasi.

Lipo na jingine. Katika kubana matumizi nilikubali tuwe tunanunua dizeli ya madumu kwa mtu aliyetuuzia kwa bei nafuu kuliko kituoni. Madumu hayo yalikaa uani kwake, na mvua za Bukoba kila msomaji wa huku anazifahamu.

Ikafika Jumapili moja ya mwezi wa Aprili. Bibi mmoja wa mtaa wetu alifariki alfajiri, naye alikuwa ameusia azikwe kwao, kijijini huko wilaya ya Muleba, jirani na kaburi la mama yake. Tulimswalia baada ya Adhuhuri. Basi dogo la kukodi lililobeba waombolezaji wengi likatangulia. Sisi tukafuata na jeneza, wanaume watano, na wanawake watatu wa karibu waliokaa mbele na kiti cha kati, akiwamo mke wangu. Huko kijijini kaburi lilikuwa limechimbwa tangu asubuhi.

Tulipita Kemondo salama. Kabla hatujafika Muhutwe, kwenye mwinuko, gari likaanza kukosa nguvu, likakohoa, likazima. Mzee akafungua boneti. Chini ya filta ya dizeli pana nati ya kutolea maji. Akailegeza, yakatoka maji machafu ya rangi ya chai. Akapiga ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta mpaka ikawa ngumu, akawasha, tukaenda kama mita mia tatu. Likazima tena. Akarudia. Safari hii hatukufika hata mita mia.

“Filta imeziba,” akasema. Hakunitazama, na hakuongeza neno.

Ilikuwa saa nane na dakika chache. Kijana wa bodaboda alitumwa Bukoba kutafuta filta, lakini maduka mengi ya vipuri yalikuwa yamefungwa kwa kuwa ni Jumapili. Akazunguka, akapiga simu, mpaka mwenye duka mmoja akatoka nyumbani kwake, akafungua. Msomaji atauliza kwa nini hatukuhamisha jeneza. Lilisimama gari dogo la mizigo, na mwenyewe, Mwenyezi Mungu amlipe, alikuwa tayari. Alikuwa amepakia magunia ya dagaa mpaka juu. Mtoto wa marehemu aliyatazama, akaniomba tusubiri kidogo. Sikuwa na uso wa kumshurutisha. Tena kila baada ya dakika kumi tulidhani bodaboda inatokea.

Mvua ikaja. Wanaume tulisimama nje ili wanawake wakae, lakini ndani ya gari lile bovu lenye jeneza palikuwa na joto na simanzi, nao wakashuka, wakajificha chini ya migomba ya mtu. Tuliswali Alasiri kando ya barabara juu ya majani yaliyolowa. Simu kutoka kijijini zilikuwa zikiingia kwangu mimi, katibu. Ya kwanza iliuliza tumefika wapi. Ya tatu ilisema maji yanaingia kaburini na vijana wanayateka kwa ndoo. Ya tano sikuipokea.

Filta ililetwa karibu na saa kumi na moja. Mzee alitoboa ile kuukuu kwa bisibisi, akaitumia bisibisi hiyo kama mpini, akaizungusha ikatoka. Akaijaza mpya dizeli safi, akaikaza kwa mkono, akapiga pampu, akawasha. Kazi yote haikuzidi robo saa, na kitu chenyewe kinatosha kwenye mkoba wa mtoto wa madrasa.

Tulifika jua likiwa limegeuka manjano. Sheikh wa kijiji akasema tusizike wakati jua linazama, kwa kuwa tumekatazwa, hivyo tukasubiri, tukaswali Magharibi, kisha tukamshusha bibi yetu kwa mwanga wa tochi za simu. Kuzika usiku kunajuzu, hilo si tatizo. Tatizo ni mwanandani, ambao ulikuwa umemomonyoka upande mmoja kwa maji, ukachongwa upya gizani. Tatizo ni dada yake marehemu, ajuza asiyeona vizuri, aliyekuwa amekaa mkekani tangu Adhuhuri akiuliza kila gari linalopita kama ndilo.

Siku ya tatu nilikwenda kwa mtoto wa marehemu, nikamweleza yote: kikaratasi, chai za vikao, dizeli ya madumu. Nilitamani anifokee. Akanyamaza kitambo, akasema, “Katibu, mama alikuwa hapendi kuchelewa.” Kisha akaniagizia kahawa.

Kwenye kikao kilichofuata nilisoma mbele ya kamati yale maneno niliyoyaandika, limeahirishwa, limeahirishwa, limeahirishwa, nikaomba yabaki kitabuni bila kufutwa. Chai ya vikao tuliiacha kwa miezi miwili. Dizeli sasa inanunuliwa kituoni na risiti inaletwa. Na sanduku la kijani, lililokuwa limebeba juzuu zilizochakaa, likapata kazi mpya.

Mzee ndiye aliyelipanga. Kanuni yake ni moja: weka kile kinachoharibika mara kwa mara na ambacho mtu anaweza kukifunga kwa mikono yake kando ya barabara. Nilitaka tununue nozeli za akiba, kwa kuwa sasa nilikuwa na bidii ya aliyetubu, akanikatalia. Nozeli na pampu ni kazi ya gereji yenye vifaa vyake. Filta ziwe mbili, kwani mafuta yakiwa machafu ile ya kwanza nayo inaweza kuziba baada ya mwendo mfupi. Mikanda ya feni iwe seti kamili, na iwe imejaribiwa kwenye gari hilo hilo, maana mkanda unaopungua au kuzidi sentimita mbili ni pambo tu. Mkanda ukikatika, taa ya betri huwaka kwenye dashibodi, na punde injini huchemka kwa sababu feni na pampu ya maji vimesimama. Dereva anayeendelea kwa kusema tufike hapo mbele huua silinda hedi.

Mipira ya rejeta imo, pamoja na klipu zake. Vipande virefu vya tyubu kuukuu vimo pia. Mpira ukipasuka huvikwa kipande hicho kwa kukivuta na kukizungusha kama bandeji, na utafika mjini. Dumu la lita kumi la maji safi hukaa kando, na mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa moto, hata wenye haraka wapige kelele namna gani. Oili lita mbili, mafuta ya breki, kipande cha mpira mwembamba wa dizeli, fyuzi, balbu, waya, tepu nyeusi. Spana za namba 10 mpaka 19, japo katika gari letu namba 12 na 14 ndizo zifanyazo kazi kubwa. Bomba la chuma la kurefushia mpini wa spana ya tairi, kwa kuwa wale vijana wa kuziba pancha hukaza nati kana kwamba hazitafunguliwa mpaka Kiyama. Ubao mnene wa kuwekea jeki: udongo wetu mwekundu ukilowa, jeki huzama na gari hubaki lilipo. Nyaya za kuazimia umeme wa betri pia zimo, zikiwa na onyo lililoandikwa juu yake, kwa maana magari ya aina hii mengine ni ya volti 12 na mengine 24, na asiyetazama kwanza hurudi na hasara. Vibao vya pembetatu na mtungi wa kuzimia moto tulikuwa navyo tangu awali, kwa sababu askari wa barabarani huviulizia. Hilo nalo lilinifikirisha: kile nilichoogopa kuulizwa na trafiki nilikinunua mapema.

Orodha ilipokamilika niliipeleka nyumbani kwa fahari. Mke wangu akaisoma yote, akanirudishia.

“Hivi vyote ni vya gari,” akasema. “Sisi tuliokuwa chini ya migomba tumeandikwa wapi?”

Sikuwa na jibu. Tukaongeza turubai jepesi la kamba nne, miavuli miwili, khanga mbili, maji ya kunywa, tende, na tochi yenye betri zake. Mzee alipoviona alitikisa kichwa, akasema malori ya kahawa hayakumfundisha hayo.

Mwezi wa Rajabu uliopita, majira ya saa tatu usiku, tulikuwa tukimshusha mgonjwa hospitalini, mama aliyekuwa na uchungu wa uzazi, pamoja na mama mkwe wake na mimi. Kwenye mteremko taa ya betri ikawaka. Mzee akasimamisha gari pale pale. Nikamshikia tochi, akalegeza boliti za alternata, akatoa mabaki ya mkanda, akafunga mipya yote miwili. Mama mkwe alifunua khanga, akamfunika mgonjwa, akaendelea kumsomea dua. Baada ya dakika ishirini na tano tukaondoka, na hospitalini akapokelewa.

Asubuhi yake nilinunua mikanda mingine, nikaandika kwenye daftari la sanduku: imetumika, imerudishwa, risiti ipo. Katika kukagua nikaona spana namba 12 haipo. Mzee anasema aliiazima jirani wa msikiti siku ya Ijumaa. Nimeshakwenda kwake mara mbili sikumkuta. Leo baada ya Isha nakwenda tena.