Fungu la Aliye Edani

Wanawake 12 wa mtaa wetu, hapa Malindi, tunalima mboga kwa kujitolea katika kiwanja kilicho nyuma ya madrasa. Tumepanda mchicha, mnavu, bamia na kunde. Kanuni yetu ni moja: mwenye kutia maji ndiye mwenye kuchuma.

Kanuni hiyo ilitutia mtihani mwaka jana, mwenzetu mmoja alipofiwa na mumewe. Eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, ilhali mchicha huwa tayari kwa wiki 3 au 4 tu. Je, angekosa mavuno mangapi, naye ana watoto watatu? Baadhi yetu walishauri apewe sadaka. Bibi mmoja mtu mzima akakataa: "Sadaka atapewa na wengine. Hapa ana fungu lake."

Kupewa ni jambo moja, na kuwa na haki ni jambo jingine. Basi tukagawana zamu zake za maji. Naye, bila ya kutoka nyumbani, akapelekewa mashuke ya mchicha tuliouacha ukomae. Akayakausha, akayapukusa, akapepeta mbegu kwa ungo. Mbegu tulizozipanda masika yaliyofuata zilitoka mikononi mwake.

Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa mmea ukiliwa na mtu, ndege au mnyama, aliyeupanda huandikiwa sadaka. Basi, mama na dada zangu, wenzetu walio majumbani tuwatengee fungu la kazi pia, si la chakula pekee.