Mabati Yako 80

Nyumbani, Muleba

Mwanangu mpendwa,

Mguu wa mama yako mkubwa umepata nafuu, mnyauko umemaliza migomba ya upande wa bondeni, kahawa bado iko mtini. Mengine utayasikia ukija.

Nakuandikia kwa ajili ya mabati. Jumapili iliyopita mwinjilisti alisoma majina ya waliochangia paa la kanisa la mtaa wetu, na jina lako likatangulia: mabati 80 pamoja na misumari yake. Kina mama walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa benchi la wazee wa kanisa, na mikono ikakataa kunyanyuka. Siku 3 kabla ya hapo dereva mmoja mgeni, aliyekuja kupakia ndizi, alikuwa akisimulia pale dukani jinsi anavyopita kwenye mizani ya malori unayofanyia kazi. Alisema lori likizidi tani 56 hasumbuki kushusha mzigo. Anashuka yeye na bahasha, anasogea dirishani, karatasi inatoka safi. Akamsifu kijana wa Kihaya anayeipokea, mrefu, mpole, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto. Kovu hilo ulilipata kibanjani kwangu ukiwa na miaka 6, na mimi ndiye niliyekubeba mgongoni hadi zahanati huku damu ikinichuruzikia shingoni.

Huenda ni uongo. Namwomba Mungu uwe uongo. Lakini mshahara wako naujua, ulinitajia mwenyewe tulipokuwa tunapanga mahari, na bei ya bati naijua pia.

Wewe hukumkuta babu yako. Watu humkumbuka kama mzee wa sala, na ni kweli, lakini kabla ya hapo alikuwa karani wa kununua kahawa. Gunia lilitundikwa kwenye ndoano, yeye akasubiri mshale utulie, kisha akaandika pungufu. Aliwaambia wakulima kwamba anatoa uzito wa gunia na unyevu. Gunia tupu lina kama kilo 1, yeye alikata 4. Wengi hawakujua kusoma. Walitazama uso wake, hawakutazama mshale, na uso wake ulikuwa wa mtu wa kanisa. Hata kengele ya kanisa tuliyoisikia utoto wetu wote, yeye ndiye aliyeichangia fungu kubwa kuliko wote.

Ndipo uamsho ukatufikia, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda hadi kwetu Buhaya. Ndiyo njia aliyoipita hata Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Ndugu wa uamsho walikutana nyumba kwa nyumba, wakaungama dhambi kwa kuzitaja, na aliyeiba alirudisha. Jioni moja mjane mmoja jirani yetu alisimama, akamgeukia babu yako, akasema: "Karani, nimekuchukia miaka 2 kwa ajili ya kahawa yangu. Nisamehe." Mwibiwa ndiye aliyeomba msamaha. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka karibu na miguu ya baba, nikaona vidole vyake vinakunjika ndani ya kiatu.

Hakusema kitu. Baadaye aliniambia kwamba usiku ule alijua kabisa Mungu anataka nini, hakuwa na shaka hata chembe, akaahidi kutii msimu ukiisha. Msimu ukaisha, akaahidi mwingine. Katikati yake mjane akafariki.

Hapo ndipo alipoamka. Aliuza ng'ombe 2 na baiskeli, akachukua daftari lake la kahawa, tukaanza kuzunguka kuwarudishia wakulima, yeye mbele na mimi nyuma nimebeba kalamu na wino. Kwa mjane tulimkuta mwanawe. Alikataa kuzipokea fedha mkononi mwa baba. Akakata jani la mgomba, akalitandika chini, akasema ziwekwe pale. Baba alipiga magoti akazipanga moja moja, kijana amesimama juu yake, kisha akaniambia niandike "imelipwa". Mkono wangu ulitetemeka. Neno hilo bado linasomeka kwa shida.

Ng'ombe wale walikuwa ada yangu. Mimi niliishia darasa la 4. Baba yako, aliyezaliwa nyuma, alisoma mpaka ualimu, na hakuna aliyewahi kuniuliza nilijisikiaje. Nilimkasirikia baba miaka mingi. Kwa hiyo usidhani nakuhubiria utii kwa sababu kwangu ulikuwa wa bure. Naijua bei yake mpaka senti.

Lakini nilikuwepo pia msibani kwake. Alianguka asubuhi akichuma kahawa, hakupata hata dakika ya kusema kwaheri. Ukoo ulipotangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze, uwanja mzima ulinyamaza. Kisha mwana wa yule mjane, naye sasa mtu mzima, akasimama akaenda kushika jeneza.

Jiulize, mwanangu: wewe ukitangaziwa leo, watasimama wangapi? Si madereva tu. Barabara inayotitia ni ya watu, na lori lililozidi uzito likikosa breki mteremkoni halichagui wa kumgonga. Mfalme Sauli naye aliwabakiza kondoo aliokatazwa akasema ni wa dhabihu, na nabii Samweli alipofika akawasikia wanalia. Mimi nimeyasikia mabati yako. Na wale wanawali 5 wapumbavu hawakukosa taa, walikosa mafuta, na saa ile wenzao hawakuweza kuwagawia. Mafuta ya babu yako hayatawaka kwenye taa yako.

Mengine kwa ufupi. Sali na mkeo asubuhi kabla hujashika simu. Usikimbilie kwa wanaouza maji na mafuta ya upako. Hakuna chupa inayosafisha fedha. Mwandikie mama yako, analalamika.

Narudi kwenye mabati. Yako nyuma ya nyumba ya mwinjilisti, yameegemezwa ukutani, kuku wa watoto wake wamepata kivuli. Nimewaomba wasubiri bila kusema sababu. Fundi ananiuliza kila siku, mvua za vuli zimeanza, na Jumapili tuliketi upande mmoja wa kanisa kwa sababu upande wa pili unavuja. Wapo wanaosema nina wivu na mtoto wa mdogo wangu. Waseme.

Kama dereva yule alinena uongo, niandikie neno moja tu, na kesho yake nitamshikia fundi ngazi kwa mikono yangu. Kama alisema kweli, usingoje Majilio wala mwisho wa mwaka. Omba ruhusa uje, tukae tuhesabu. Nina shamba la kahawa upande wa juu ambalo kahawa yake sijaiuza butura, ikiwa bado mtini, na daftari la babu yako lina kurasa tupu. Nitalibeba mimi, nikufuate nyuma.

Baba yako mkubwa